Keki ya Elinipa

Mjukuu wangu Neema anapika keki za watu hapa Same. Ana oveni ya umeme, ana kimeza cha kuzungushia keki, ana kisu kirefu chenye meno kama msumeno, na kila anachokifanya amekitazama kwanza kwenye simu. Juzi alikuwa na keki ya sendofu, ya sherehe ya kumuaga bibi harusi, nami nimekaa karibu na mlango wa jiko nikichambua choroko. Akaweka kiganja cha kushoto juu ya keki, akaanza kuipasua ili aijaze. Harufu ikanifikia, ile ya ganda la limau na sukari iliyoiva, na kile kiganja chake kimelala pale juu, na moyo wangu ukashtuka kama mtu aliyeitwa jina lake mahali asipotaka kujulikana. Akaniuliza, "Bibi, ninyi zamani bila kisu hiki mlikuwa mnapasuaje?"

Nikamwambia, "Kwa uzi."

"Uzi, bibi? Uzi huu wa kushonea?"

"Huohuo."

Akacheka mpaka akaweka kisu chini. Sikumwambia zaidi, nikainamia choroko zangu. Ninaotaka kuwaambia ni ninyi wa rika langu, kwa sababu mtoto wa siku hizi ukimwambia jambo kama hili atakujibu, "Bibi, si ulikuwa mdogo, achana nalo." Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, na mwandiko wangu unapanda na kushuka, mtanivumilia. Lakini watu waliokuwapo siku ile nawakumbuka mmoja mmoja, jina lake na mahali aliposimama.

Nililelewa Vudee, kwa mama mkubwa Naelijwa. Mama yangu mzazi, Niwaeli, alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Yeye alikaa chini, Makanya, akichimba jasi. Mnaoijua jasi mnajua: ni yale mawe meupe laini, ukiyapiga nyundo yanatoa unga, na ule unga unaingia kwenye nyusi, kwenye chakula, kwenye kifua. Baba yangu Yohana alikwenda kukata mkonge upande wa Tanga, akaoa huko, akanyamaza. Mama akabaki na nyundo na mimi. Nilipokuwa na miaka sita nikaanza kukohoa mpaka natapika, ndipo mama akanifunga mgongoni, mtoto mkubwa vile, akanipandisha mlimani kwa dada yake. Barabara ya gari ilikuwa bado, watu walikuwa wakiichimba kwa msaragambo, kila nyumba inatoa mtu wake siku ya zamu, kwa hiyo tulipanda kwa njia ya mguu tangu alfajiri. Alinikabidhi, akanywa uji, akashuka kesho yake.

Huko juu nilipona. Kulikuwa na ukungu wa asubuhi unaoingia mpaka ndani ya nyumba, na maji ya mfereji ya baridi hadi meno yanauma. Nilipata na shule. Ila watoto ni watoto. Siku ya kwanza mwalimu aliponiuliza nimetoka wapi nikasema Makanya, mtoto mmoja anaitwa Elieza akasema kwa sauti, "Kwa wale watu weupe!" Darasa zima likacheka. Tangu hapo jina langu la Nakiete likaisha. Nikawa Chaki. "Chaki, njoo ufute ubao." "Chaki, usijikune, utaisha." Mama alikuwa anakuja mara mbili kwa mwaka, amejitwika kunde na tikiti, na mimi nilikuwa namtazama mikono kabla ya uso. Ilikuwa imepasuka pasuka, na ndani ya kila mpasuko kuna mstari mweupe usiotoka kwa maji wala kwa sabuni. Nilikuwa namwomba Mungu asije siku za shule. Hayo nilikuwa naomba nikiwa nimepiga magoti kabisa.

Mama mkubwa Naelijwa yeye alikuwa na mikono laini. Alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya misheni, na keki zote za harusi na ubatizo za upande ule zilikuwa zake. Alioka kwenye sufuria kubwa, mchanga chini, mkaa juu ya mfuniko, na alikuwa anajua keki imeiva kwa kuinusa tu. Lakini kuoka, alikuwa akisema, kila mwenye moto ataoka. Kazi ni kuipasua. Keki unaiacha ilale siku nzima ndani ya kitambaa, kwa sababu ukiipasua siku ileile ikiwa bado laini inabomoka kama ugali wa mgonjwa. Halafu unapima katikati ya ubavu wake, unaizungushia alama kwa ncha ya kisu, na unachomeka miiba ya mlimau kuizunguka, mwiba baada ya mwiba, ili uzi ulale juu ya miiba usipande wala kushuka. Uzi ni ule mweupe wa cherehani, umekunjwa mara mbili na kupakwa nta ya mshumaa. Unauzungusha, ncha zinapishana mbele, unavuta taratibu, huku na huku, nao unaingia ndani bila makombo.

Sasa hapo panatakiwa watu wawili. Mmoja anavuta uzi, mwingine anashika. Huyu wa kushika anaweka kiganja juu ya keki, kwa uzito uleule toka mwanzo hadi mwisho. Akikandamiza, keki inabonyea. Akiachia, ile nusu ya juu inafuata uzi na kupasuka. Uzi ukishatoka upande wa pili, anaingiza jani la mgomba lililobabuliwa motoni likawa laini, analisukuma kati ya nusu mbili, ndipo anainua ya juu na jani lake. Jamu inaanzwa katikati, inasogezwa kwenda pembeni na kuachwa upana wa kidole, kwa sababu uzito wa juu ukirudi utaisukuma wenyewe. Ya kwetu ilikuwa jamu ya mapera. Nilikuwa naijua kazi hii yote kwa macho, na kazi yangu mimi ilikuwa kubabua jani.

Mwaka ninaousema, macho ya mama mkubwa yalikuwa yameingia ukungu. Alikuwa anapapasa meza kutafuta kijiko kilicho mbele yake. Hakumwambia mtu ila Mama Eliasi, mke wa mchungaji, ambaye ndiye aliyesimamia ile nyumba ya wageni. Alimwambia anataka kuliacha jiko, na anaomba limpate mdogo wake Niwaeli, aache kuchimba jasi, apande juu akae na mtoto wake. Mama Eliasi akasema hamjui huyo Niwaeli, lakini Elinipa binti wa mzee Mbonea anaolewa, basi mdogo mtu aje aishike keki ya Elinipa, amwone mikono yake. Ikienda vizuri jiko ni lake. Hayo nawaambia ninyi sasa. Mimi sikuyajua. Wakubwa walinificha, nadhani waliogopa nitafurahi mapema halafu ikose.

Nilichokijua mimi ni kidogo na nilikielewa vibaya. Mama alifika Jumatano. Jioni wakiwa wanachambua mahindi ya makande, mimi nyuma ya mlango, nilimsikia akimwambia dada yake, "Nakiete sasa nitakaa naye mwenyewe, umeshachoka kunilelea." Mama mkubwa akamjibu, "Tumwombe Mungu." Nilibaki pale nimeushika ukuta. Kwa akili yangu, kukaa na mama ni kukaa Makanya. Sikuwaza kwamba mama naye anaweza kupanda. Niliona vumbi, nikaona nyundo mkononi mwangu, nikaona yale matapishi. Siku mbili zile sikumsogelea. Akiniita naitika kwa mbali. Alinishonea pindo la gauni langu la kwendea harusini lililokuwa limefumuka, sikusema hata asante.

Ijumaa asubuhi ndiyo siku ya kupasua. Jiko la mama mkubwa lilikuwa dogo, la udongo, dirisha moja. Keki ipo kwenye meza, imelala siku nzima na miiba yake imeshachomekwa. Mama Eliasi kakaa kwenye kiti, khanga mbili safi, mikono mapajani. Mlangoni kasimama Nangasu, shangazi wa bibi harusi, mwanamke mrefu mwenye ulimi, ametumwa na ukoo kuangalia mali yao isiharibiwe. Mama mkubwa kauweka uzi tayari. Mimi nimechuchumaa motoni na jani langu.

Mama aliingia kutoka nyuma ya nyumba. Kumbe alikuwa kule muda mrefu akinawa, kwa majivu, kisha kwa limau, kisha kwa maji matupu. Nilizisikia ndoo. Nangasu akamwambia, "Karibu, Mama Nakiete. Na huko Makanya mnaijua keki?"

Mama akamjibu, "Makanya tunalijua vumbi, mwenzangu. Keki tunaisikia harufu mnapooka ninyi, upepo ukishuka."

Hata Mama Eliasi alicheka. Nangasu naye akacheka, akasema, "Haya bwana, shika basi, tuone mikono ya mtu wa tambarare. Baridi hii usije ukatetemeka."

"Nikitetemeka nitakwambia uniletee shuka," mama akasema.

Alikuwa mchangamfu. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo, na badala ya kufurahi nilichukia. Nikainama kwenye jani langu, moshi ukaniingia machoni, nikawa nayafuta kwa bega. Nikasikia mama amepita nyuma yangu kwenda kwenye kichanja cha vyombo, nikasikia mfuniko wa bati. Nilipoinua macho, mama mkubwa ameshaanza kuvuta, uzi umeshaingia ndani ya keki, na mkono wa mama upo juu yake. Ulikuwa mweupe. Kiganja, vidole, mpaka kwenye shina la kidole gumba, mweupe pe.

Nikawaona akina Elieza. Niliwaona pale jikoni ingawa hawakuwapo. Nikaona kesho harusini watu wanakula keki, wanatema mawe, wanauliza ni mama wa nani. Sikufikiri mara mbili. Nilipiga kelele: "Mama, toa mkono! Mikono yako ina jasi!"

Nangasu akapiga makofi. "Haa! Mtoto kamwona mama yake! Yaani tungelishwa mawe!"

Mama aliniangalia. Hakuwa na hasira, ningekuwa nimeshapona kama angekuwa na hasira. Aliniangalia kama mtu anayemtazama mtoto wa watu akijaribu kukumbuka ni wa nyumba ipi. Halafu akauinua ule mkono.

Uzi ulikuwa umefika katikati. Mama mkubwa haoni, na mikono yake ilikuwa bado inavuta. Ile nusu ya juu ikasogea, ikapanda kidogo kama mtu anayetaka kukaa kitako, ikapasuka vipande vitatu. Kimoja kikaanguka chini, kwenye majivu, karibu na goti langu. Haikutoa sauti kubwa. Ilitoa sauti kama mtu anapohema.

Mama mkubwa akasimamisha mikono. "Niwaeli. Umeachia?"

"Nimeachia, dada. Mkono umeniteleza."

"Umekutelezaje?"

"Umeteleza tu."

Mama alikuwa ameshaificha mikono ndani ya khanga. Mama Eliasi akasimama, akajifunga vizuri, akasema kwa upole kabisa, "Basi, mama, Mungu atajalia siku nyingine." Akatoka. Mimi nilidhani anaomba dua. Nilidhani maneno yale ni mazuri.

Keki waliitengeneza wenyewe wawili. Mama alikiokota kile cha chini, akakikwangua majivu, akaunga vipande kwa jamu kama fundi anavyounga chungu, akavikandika, wakamwagia sukari juu wakaifunika kitambaa cha kufuma. Jumamosi ikapelekwa. Ilisimama, siwezi kusema haikusimama, lakini ilikuwa imeinama upande mmoja. Kijana mmoja wa upande wa bwana harusi akasema, "Jamani, keki inawaamkia wazee," na watu wakaitikia "Marahaba!" na turubai zima likacheka. Elinipa mwenyewe alicheka, alikuwa msichana wa moyo mzuri, akaikata hivyohivyo. Nangasu akahakikisha kila meza imejua kwamba ilishikwa na mchimba jasi. Mama alikaa nyuma kabisa, mikono chini ya khanga, hata wakati wa kupiga vigelegele hakuitoa. Mimi nilikaa na watoto wa kwaya, mbele, nikageuza mgongo.

Jumapili baada ya ibada akafunga mzigo wake. Nilisimama mlangoni nikisubiri aseme lete na wako. Akasema, "Kaa vizuri na mama mkubwa. Soma." Nikasema, "Ndiyo, mama." Akanishika kichwa, kidogo, kwa nyuma ya mkono, akashuka. Nilimwangalia mpaka migomba ilipomfunika, na nilipokuwa na uhakika harudi, niliruka. Niliruka juu kwa miguu yote miwili, mara mbili, kwa furaha. Nimezaa watoto sita, nimezika wawili, nimezika mume, na katika yote niliyoyafanya duniani sijaona kitu kinachoniunguza uso kama ule mruko wangu wa mara mbili uani kwa Naelijwa.

Mama mkubwa alikuwa nyuma yangu. Sijui aliona kiasi gani kwa macho yale, labda alisikia miguu. Akasema, "Unamrukia nani?"

Nikaokota ufagio wa uani.

"Unajua mama yako alikuja kufanya nini?"

"Alikuja kunichukua kwenda Makanya."

Akakaa kwenye jiwe la kusagia. Akanieleza yote, jiko la wageni, maneno ya Mama Eliasi, kwamba kuna chumba nyuma ya lile jiko chenye kitanda, na kwamba mama alikuwa ameshauliza kama kitanda kinatosha watu wawili. "Alikuja kukaa na wewe hapa," akasema. "Hapahapa." Kisha akafungua mdomo kama mwenye neno jingine, akaufunga, akaingia ndani. Jiko alipewa Ruti, mke wa Sefania, ambaye keki zake zilikuwa kama matofali, na wageni wakazila.

Mngedhani nililia. Sikulia. Nilitafuta mlango wa kutokea, nikaupata. Nilijiambia: ni kweli yamenisikitisha, lakini mimi nilisema ukweli. Mikono ilikuwa na jasi. Angenawa vizuri, nisingesema. Mtoto wa miaka kumi anaweza kujijengea nyumba ya maneno kama hayo na kuishi ndani yake. Mimi niliishi ndani yake mpaka nikaolewa, mpaka nikawa na watoto wanne. Nilipokuwa nakwenda Makanya kumwona mama, na kifua chake kimeshaanza kupiga filimbi, nilikuwa namhurumia sana, lakini kwa mbali ndani ya moyo nilikuwa nasema, wewe mwenyewe mama, siku ile ungenawa.

Basi mtoto wangu wa tatu, Anaeli, alipopata kipaimara, nikasema sherehe tutaifanyia Makanya, ili bibi yake aione, maana alikuwa hawezi tena kupanda gari. Nikaoka keki kwangu, nikaenda nayo imefungwa kitambaa, nimechukua uzi, jamu ya mapera, kila kitu. Kuoka nilikuwa nimejifunza kwa mama mkubwa. Kupasua hapana. Tangu ile ya Elinipa mama mkubwa hakupasua tena keki nyumbani kwake, alikuwa anaoka za kawaida tu, na sasa alikuwa amekwisha kufariki. Nilikuwa nategemea yale niliyoyaona nikiwa nimechuchumaa.

Mama alikuwa amelala kwenye mkeka ukutani. Nikamweka binti yangu mkubwa, Elifuraha, avute uzi, mimi nikashika. Joto la Makanya mnalijua. Nikaweka kiganja, uzi ukaanza kuingia, vizuri tu, na ulipofika katikati nikataka kuusogeza mkono kidogo. Mkono ukatoka na ngozi ya keki. Ile ya juu yote, ya kahawia, imenigandia kiganjani kama bandeji, na keki imebaki na kidonda.

Mama akainuka kwa kiwiko. "Ah! Hukupaka unga?"

"Unga wa nini, mama?"

"Wa mkononi. Keki ina jasho, mkono una jasho, vikikutana vinashikana. Ukishanawa unajipaka unga wa ngano kiganja chote, mpaka kwenye vidole, ndipo unashika. Sisi Bibi Hana wa misheni alitufundisha hivyo mimi na Naelijwa, tukiwa wasichana. Yeye wa kuvuta, mimi wa kushika. Mimi nilikuwa..."

Akakatika hapo, kama mtu aliyejikwaa. Akaniangalia, nami nikamwangalia. Elifuraha ameshika ncha mbili za uzi, anatutazama hajui kitu.

Nikamtuma mtoto maji. Nikakaa chini, kile kipande cha ngozi bado kiganjani. Nikasema, "Mama, kwa hiyo siku ile..."

"Ulikuwa mtoto," akasema. Alisema upesi mno. Lilikuwa neno alilokaa nalo tayari miaka mingi.

"Kwa nini hukusema ni unga? Ungewaambia. Ungewaonyesha kopo."

Alikohoa kwanza, ikachukua muda. "Keki ilikuwa imeshavunjika," akasema. "Ningesema ni unga, aliyeivunja angekuwa wewe. Na wewe ulikuwa unakaa kwa watu. Nangasu angekutangaza mlima mzima, na Naelijwa angekuangalia vibaya kila akikupa chakula. Mimi nilikuwa nina pa kwenda." Akarekebisha khanga yake. "Naelijwa alijua ni unga. Alitaka kukwambia, nikamkataza."

Wenzangu, neno la kuomba radhi nililijua. Ni neno fupi, mtoto wa miaka miwili analisema. Lilikuja likasimama hapa kwenye meno. Nilifikiri, nikilisema hivi, na keki hii imechunika, na watu wanaingia, litakuwa dogo kuliko kitu chenyewe. Nilikuwa natafuta kubwa zaidi. Na wakati natafuta, Elifuraha akarudi na maji, na mama akasema, "Haya nawa, paka unga, jamu isikauke. Elifuraha, mjukuu wangu, vuta polepole, usimwogope mama yako."

Nikanawa, nikapaka, nikashika. Mama akawa anasema toka mkekani, "Usikandamize. Uache mkono ulale tu. Hivyohivyo." Uzi ukatoka upande wa pili. Tukainua, tukajaza, tukarudisha ya juu na sukari ikafunika pale palipochunika. Mama akanyoosha shingo kuangalia, akasema, "Umeona? Imetoka."

Nikasema, "Imetoka, mama."

Hayo ndiyo niliyomwambia. Aliishi miaka minne zaidi baada ya siku ile. Nilikuwa nakwenda Makanya kila mwezi, nikimwogesha, nikimlisha, nikimpaka mafuta ile mikono, na kila nilipokuwa nafunga mlango kuondoka nilikuwa najiambia nitalisema safari ijayo.